Chombo cha Dukani

Kaka yangu alikuwa na duka huko Ruangwa. Alipofariki aliacha mizani, makopo, na chombo cheusi cha kushika mkononi, chenye vitufe na kioo kidogo. Kazi yake ilikuwa kusoma mistari ile iliyochapwa juu ya bidhaa: hutoa nuru, pahali peupe huirudisha, mstari mweusi huimeza, nacho hutambua tarakimu. Duka la kwanza kuuza hivyo lilikuwa mjini Troy, Marekani, tarehe 26 Juni 1974, na bidhaa yenyewe ilikuwa ubani wa kutafuna!

Nalikichukua kwangu Nachingwea. Mwanawe, aliye kidato cha tatu, akakigeuza-geuza, akasema, "Baba mdogo, humu mna kompyuta nzima, yenye Windows CE. Nikikiwasha upya kabisa na kutia kadi, kitacheza michezo."

Nalifurahi. Katika mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, ambao ulifika hata hapa Nachingwea, vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kama kifaru chaweza kulima, kwa nini chombo cha dukani kisicheze? Basi nikamwambia, "Fanya."

Akabonyeza vitufe pamoja. Kioo kikazima, kikawaka. Jioni ile watoto wakacheza mchezo wa nyoka hata wakasahau chakula. Kesho yake akatia programu ya hesabu za kuzidisha.

Siku ya tatu akaja shemeji yangu. Akauliza, "Shemeji, madeni ya duka umeyanakili wapi? Marehemu aliyaandika mle ndani."

Nikanyamaza. Vyombo vingi vya namna ile huweka mambo katika kumbukumbu isiyodumu. Ukiviwasha upya kabisa, yote hufutika. Kijana akaanza kulia. Nikamwambia, "Mkubwa ni mimi, nami sikuuliza. Kosa ni langu."

Tukaenda Ruangwa, tukaketi barazani pa duka, tukawaambia watu waziwazi kwamba hesabu imepotea. Wengine walituonya tusiseme, maana nani atalipa deni lisiloandikwa? Bibi mmoja akaleta fedha ya sukari siku ile ile. Wengine walikuja baada ya kuuza ufuta wao. Wengine hawakuja hata leo, na shemeji yangu awajua.

Chombo kingali kwangu. Watoto hukigombea, mama yao hakigusi.