Cheti cha Mama

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya tatu, muhula wa pili mwaka jana. Majina ya wenye madeni yalisomwa gwarideni, na langu lilikuwa la nne. Salio la karo lilikuwa shilingi 18,000 nami sikuwa na hata thumni. Nilifunga virago, nikaabiri matatu, nikaelekea nyumbani moyo ukinidunda mithili ya ngoma.

Mpenzi msomaji, usidhani mama yangu ni mvivu. Mama ni fundi wa kushona, na juu ya cherehani yake ametundika cheti cha serikali. Cheti hicho huonyesha kwamba kampuni ni ya wanawake, yaani angalau asilimia 70 ya umiliki ni wao na viongozi wote ni wao. Katiba ya 2010, kifungu cha 227, iliruhusu waliobaguliwa zamani wafikiriwe serikali inaponunua vitu. Mwaka wa 2013 mpango ukazinduliwa, na sheria ya 2015 ikakaza kamba: angalau asilimia 30 ya thamani ya manunuzi iende kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Basi Januari Mama akapata tenda ya mashuka 200, kila moja shilingi 700. Siku hiyo tulikula kuku! Lakini serikali haitangulizi pesa. Wewe ndiwe ununue kitambaa, ushone, upeleke, halafu ungoje. Mama alikopa shilingi 90,000 kwenye chama chao cha kina mama, akakesha wiki tatu. Mwisho wa Februari mashuka yakapokelewa, karatasi zikapigwa muhuri, kisha kimya. Kila akienda ofisini anaambiwa, "Mama, faili yako imepelekwa mbele." Mbele wapi? Machi ikapita, Aprili ikapita. Chama nacho kinataka pesa zake, na wale kina mama ni majirani, huwezi kuwakwepa sokoni.

Jioni ile niliyofika alikuja mwenye duka la jumla, bwana wa kitambi na maneno matamu.

"Mama, kuna tenda ya karatasi na wino, shilingi 600,000. Wewe nipe cheti na sahihi tu. Mali nitapeleka mimi. Nakukatia elfu ishirini leo leo."

Akaziweka noti juu ya cherehani. Nilizihesabu kwa macho. Karo yangu, na nauli juu! Nakiri hapa mbele ya walimu wangu: nilimwomba Mungu Mama akubali.

Mama alinyamaza kitambo. "Na tukishikwa," akauliza, "jina litakalosomwa ni la nani?"

Yule bwana akacheka kidogo. Mama akamrudishia noti zake, akamkaribisha chai. Hakuinywa.

Nilikasirika, nikakataa chakula. Mama hakunibembeleza. Kesho yake aliuza cherehani ya pili, ile aliyomfundishia msichana wa jirani kazi. Msichana akabaki kwao, mimi nikarudi shuleni Alhamisi.

Malipo yalikuja Novemba, miezi tisa baada ya mashuka kufika. Chama kilirudishiwa kwanza. Cherehani ya pili hatujainunua hadi leo.

Wako wanaosema mpango huu ni porojo tupu. Mimi sikubaliani nao, kwa maana bila ile asilimia 30 Mama angeshindana vipi na wenye maduka ya jumla? Ila mtu akipewa tenda kwa sababu mtaji wake ni mdogo, kisha mtaji huo huo ukafungiwa kwenye faili miezi tisa, mwenye kitambi hatakosa mlango wa kubisha.

Likizo iliyopita nilimkuta Mama na tangazo jingine mkononi, la mapazia. Akanipa kiti.

"Wewe uliyesoma, hebu nitafutie hapa penye malipo. Wanasema siku ngapi?"