Kabla ya Lami Kufika Sekenke

Julai 1996 baba alipata uhamisho wa kwenda kufundisha Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 11. Mwanza ilikuwa bado ina majonzi, kwani miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu MV Bukoba izame tarehe 21 Mei. Siku moja kabla ya kuondoka mama alikwenda Igoma kuyaaga makaburi ya waliozama, maana rafiki yake mmoja alikuwa miongoni mwao. Alirudi macho mekundu, akaendelea kufunga vyombo bila kusema neno.

Watoto wangu nikiwaambia kwamba tulihamia Dar kwa lori, na kwamba tulikaa njiani siku nne, wanadhani natia chumvi. Lakini wakati ule ndivyo nchi ilivyokuwa. Wengi walipanda treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora, iliyokuwa ikijaa hadi watu wanasimama kwenye vipito vya mabehewa. Wenye haraka na fedha walipanda basi lililopitia Kenya. Basi lilitoka Mwanza likaenda Sirari, likavuka mpaka, likapita Kisii na Nairobi, likarudi nchini kwa Namanga, ndipo likashika njia ya Arusha na Dar. Mtanzania alihitaji hati ya kusafiria ili atoke mji mmoja wa nchi yake kwenda mji mwingine wa nchi yake. Baba alilisema jambo hilo kwa uchungu maisha yake yote. Njia fupi, ile inayopasua katikati ya nchi kupitia Shinyanga, Nzega, Singida na Dodoma, ilikuwepo, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa vumbi, mawe na korongo, na mvua zikinyesha haikuwa njia tena.

Fedha za uhamisho hazikutoka mpaka tulipokuwa tumeshahama. Kwa hiyo baba alimtafuta dereva aliyeleta bidhaa Mwanza na alikuwa anarudi Dar lori likiwa nusu tupu. Nusu nyingine ilikuwa magunia ya dagaa. Juu ya magunia hayo tukapanga kabati, vitanda, cherehani ya mama, majembe, masanduku mawili ya vitabu, na mfuko wa michembe na matobolwa, yaani viazi vikavu, ambao bibi alituletea kutoka Misungwi, akilia kwamba huko pwani tutakufa njaa. Mama na mdogo wetu mchanga walikaa mbele na dereva. Baba, mimi na kaka yangu tulikaa juu ya magodoro, chini ya turubai.

Siku ya kwanza ilianza kwa raha, maana mpaka Shinyanga lami ilikuwepo. Baada ya hapo ikaja rasta, yale mawimbi ya barabara ya changarawe yanayotikisa gari mpaka meno yanagongana. Vumbi liliingia chini ya turubai likatupaka sote rangi moja. Baba alikuwa mwalimu hata juu ya lori. Alitufundisha kwamba salamu yetu ya Kisukuma, "mwangaluka", ingetufaa mpaka Nzega kwa Wanyamwezi, kwamba kuanzia Shelui tungekuwa kwa Wanyiramba, Singida kwa Wanyaturu, na kuanzia Manyoni tuanze kusema "mbukwenyi" kwa Wagogo. Alitaka tumsalimie kila mtu kwa lugha yake pale lori liliposimama, na lilisimama mara nyingi. Pancha mbili kabla ya Igunga, springi moja katikati ya mbuga ya Wembere. Kiangazi kile udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa ambamo mguu wangu ungeweza kuzama. Utingo alituambia kwamba wakati wa masika malori hulala pale wiki nzima, yamezama mpaka kwenye ekseli.

Jua lilipozama tukawa Shelui, chini ya mlima Sekenke, na hapo dereva akazima gari. Hakuna aliyeupanda Sekenke usiku. Malori yalipangana pande zote mbili za barabara, moto wa mama ntilie ukiwaka kati yake. Tulikula wali kwa kuku wa kienyeji, tukalala juu ya mizigo. Kabla hatujasinzia baba akatuambia kwamba mle mlimani Wajerumani walichimba dhahabu, na kwamba mwaka 1916, walipozingirwa na vita na kukosa sarafu, waliichukua dhahabu ya Sekenke wakapiga Tabora sarafu za rupia 15. Nilitazama ule weusi wa mlima nikadhani asubuhi nitaokota dhahabu.

Asubuhi tuliteremshwa. Lori lenye mzigo lilipanda Sekenke bila abiria, isipokuwa dereva. Mama alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga akatangulia kwa miguu. Dereva alitia gia ya kwanza, injini ikaunguruma, moshi mweusi ukafunika kona. Nyuma ya tairi la kulia alikimbia utingo, ameinama, mikononi ameshika kigingi, yaani gogo la mninga lililochongwa upande mmoja likawa kama kabari. Kila injini ilipokatika pumzi, dereva alipiga mlango kwa kiganja, pah!, na kabla lori halijaanza kurudi nyuma utingo alikuwa ameshakisukuma kigingi chini ya tairi. Lilirudi kiasi cha shubiri moja, likakaa. Dereva akapumzisha injini, akatia gia, likasogea tena hatua kumi au ishirini. Upande wa kushoto hakukuwa na mtu wala kigingi. Kwenye kona ya tatu baba alivua koti, akaokota jiwe kubwa, akashika zamu ya tairi la kushoto. Alikuwa amevaa suruali yake ya darasani, ile yenye mstari wa pasi.

"Mwalimu, toa mkono mapema," utingo alimwambia. "Usiusubiri mlima, utaacha vidole hapa."

"Nimekuelewa, kijana wangu," baba akajibu, akihema.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne na nusu lori lilikuwa juu. Baba alikaa chini kando ya barabara, viganja vinatoka damu, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani kwake. Tulilala Singida usiku ule, na uliofuata Dodoma, na siku ya nne usiku tukaingia Dar kwa Kibaha. Magodoro yetu yalinuka dagaa mpaka Krismasi.

Februari 1998 bibi alifariki Misungwi. Baba hakupigiwa simu, maana nyumbani hatukuwa nayo. Alilisikia jina lake mwenyewe kwenye matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, jioni, akiwa anasahihisha madaftari. Alisimama wima, kalamu nyekundu mkononi, akasubiri tangazo lirudiwe. Ilikuwa ile mvua ya El Niño, iliyoikata reli na kuigeuza Wembere ziwa. Ilibidi atafute hati, atafute nauli, apande basi la Nairobi. Alifika Misungwi siku ya sita. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka na matanga yameanuliwa. Jirani mmoja aliniambia, nikiwa mtu mzima, kwamba baba alikaa kaburini kutwa nzima akirudia neno moja tu la Kisukuma, "Mayu, mayu," kama mtoto anayemwita mama yake kutoka shambani.

Lami ililetwa vipande vipande katika muongo wa kwanza wa karne hii. Leo unasikia wamemaliza upande wa Nzega, mwaka mwingine Singida, kisha kile kipande cha Manyoni na Dodoma kilichokuwa kinapasua springi. Baba aliufuatilia ujenzi ule magazetini kama wenzake walivyofuatilia Simba na Yanga. Alikuwa na ramani ya shule ukutani, na kila kipande kilipokamilika alikikolezea kwa wino mwekundu. Mwaka 2009 nilipanda basi Ubungo saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mwanza kwa kazi. Nilijiapiza nitaitazama Sekenke. Nikasinzia baada ya Singida, nikazinduka jua linazama, nikamuuliza jirani yangu kama mlima bado. "Tulishashuka zamani, kaka. Hapa Igunga," akasema, akaendelea kula mahindi. Niliumia kuliko nilivyotarajia.

Mara ya pili kupita pale na baba ilikuwa Agosti 2016, yeye akiwa kwenye jeneza. Tuliondoka Dar saa kumi alfajiri na gari mbili, na saa nne usiku alikuwa sebuleni kwao Misungwi. Kesho yake alizikwa kando ya mama yake, watoto wake wote wakiwepo. Tulipofika kilele cha Sekenke mama alimwomba dereva asimame. Alishuka peke yake, akaenda mpaka ukingoni, akatazama chini walipokuwa wakipanda wale wanaume wawili na lori lao. Aliporudi garini alisema, "Hapa ndipo aliposhika jiwe." Hakusema lingine mpaka Nzega.

Mwaka jana mimi pia nilihama, ila nilirudi Mwanza. Vyombo vilitangulia kwa lori usiku. Hata marufuku ya mabasi kusafiri usiku iliondolewa mwaka 2023, na barabara ile sasa hailali. Mimi, mke wangu na watoto wawili tulifuata kwa gari letu dogo. Dodoma tuliona abiria wakishuka kwenye treni ya umeme ya SGR kutoka Dar, iliyoanza 2024, na mwanangu akauliza kwa nini tusingepanda ile. Nikamwambia haijafika Mwanza bado. Kutoka Singida malori ya mizigo ya Rwanda na Kongo yalikuwa mengi kiasi kwamba tulihesabu mpaka 100 tukaacha. Kandokando wanauza mafuta ya alizeti, vitunguu na kuku, kama zamani, ila sasa magari hayasimami mpaka yakutane na tuta au tochi ya trafiki.

Sekenke tuliishuka kwa dakika chache. Katika moja ya kona zake lilikuwepo lori limelala ubavu, breki zilimshinda dereva, matofali ya mzigo wake yamemwagika bondeni. Lami imeupunguza mlima, haijaumaliza.

Shelui nilisimama kwa makusudi. Mama mmoja mtu mzima alitupa chai na chapati, nikamwamkia, nikamwambia nimewahi kulala hapa juu ya lori mwaka 1996. Uso wake ukachangamka. Alisema wakati ule alikuwa anapika sufuria tatu za wali kwa usiku mmoja, na madereva walimjua kwa jina kutoka Mwanza mpaka Dar. "Siku hizi wanapita tu, baba. Hata kupunga mkono hawapungi. Barabara mbovu ilitulisha." Sikuwa na neno la kumpinga. Ile nchi aliyonifundisha baba juu ya magodoro, ya kusalimia kila kabila kwa lugha yake, wanangu wameipita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa vioo vikiwa vimefungwa, na neno la Kinyiramba hawalijui hata moja. Nilikunywa chai yangu polepole, nikalipa, nikamshika mkono yule mama kwa heshima.

Lakini nilipowasha gari nilimwambia mke wangu nisichoweza kumwambia yule mama mbele ya sufuria zake. Kama lami hii ingekuwepo Februari 1998, baba angemzika mama yake.