Damu Isiyomwagika

Waingereza wana neno lao, "bloody", ambalo mwanafunzi akilifungulia kamusi huambiwa ni "-enye damu", na papo hapo hupotea njia. Mvua yao huwa ya damu, ulevi wao wa damu, hata chai iliyopoa nayo ya damu. Na damu yenyewe haionekani popote. Limebaki kuwa neno la mkazo, lililotiwa ukali kidogo.

Asili yake ina hadithi. Iliyoenea zaidi yasema kwamba ni kiapo kwa jina la Bibi Maryamu, kilichofupishwa kikamezwa na ulimi. Ni hadithi tamu, ila wanaisimu wengi hawaikubali. Wao hulirudisha neno kwenye damu yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 18 Jonathan Swift aliliandika baruani akilalamikia joto, bila ya kuona haya. Haya zilikuja baadaye. Mwaka 1887 Gilbert na Sullivan walibadili tahajia ya jina la opera yao, Ruddygore ikawa Ruddigore, kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa na harufu ya neno hilo. Na Aprili 1914, jijini London, George Bernard Shaw alilitia kinywani mwa Eliza, muuza maua wa tamthilia ya Pygmalion, aliyefunzwa kusema kama mabibi wakubwa. Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu, na magazeti yakapata la kuandika.

Mfasiri afanyeje? Kiswahili kina mikazo yake, na kila mmoja una mwenziwe: mtu hulewa chakari, hulowa chapachapa, giza huwa totoro, na kimya kikawa jii. Kwa utajiri huo twawashinda Waingereza. Lakini "chakari" haivunji adabu. Waweza kuitamka mbele ya mkweo. Na damu kwetu ni udugu na mapenzi: wapendanao huambiwa damu zao zimepatana. Kuitukania hatukuzoea.

Hata hivyo, upande mchungu wa neno hilo ulitufikia. Babu yangu, mchukuzi wa bandarini zama za Mwingereza, alijua maneno machache ya Kiingereza, na moja lilikuwa "bladifuli". Hakulicheka. Lililochekesha ukumbi wa London, kwake lilikuwa sauti ya msimamizi juu ya mgongo wenye gunia, wala hakuwa na ruhusa ya kulirudisha lilikotoka. Uzito wa tusi hupimwa kwa nani amwambia nani, na kama mwambiwa aweza kujibu.

Kwa hiyo nilikutapo neno hili katika kazi ya kufasiri, siitafuti damu. Nawatazama waliomo chumbani. Wakiwa marafiki wawili waliopigwa na mvua, nawapa chapachapa yao nikatosheka. Akiwa Eliza mbele ya mabibi, natafuta neno la sokoni ambalo mkwe akilisikia atakishusha kikombe chake. Na akiwa msimamizi na mchukuzi, naliacha "bladifuli" kama lilivyoshuka bandarini. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa.