Tonge la Maalim Wangu

Leo nakusimulia kosa langu mwenyewe, maana huenda nawe una sanduku la picha uvunguni mwa kitanda, na wajukuu wamekwisha kukwambia, "Babu, tuzitie kwenye kompyuta."

Marehemu ami yangu alikuwa baharia. Katika safari zake alinunua kamera, akapiga slaidi, zile filamu za rangi zinazotiwa katika fremu za karatasi ngumu, kila upande sentimita 5. Baada ya Isha tukitundika shuka nyeupe sebuleni tukazitazama kwa projekta. Sanduku lake, slaidi 112, nililirithi mimi. Nyingi ni Kodachrome, filamu ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2009. Fremu zake zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka wa kuoshwa, na baadhi ni za 1969, nami ni mtoto wa chuoni hapa Tanga, Ngamiani.

Hewa yetu ya pwani waijua. Unyevu huleta kuvu, na kuvu hula ule utando wa gelatini ubebao rangi. Picha iliyoliwa hivyo usiifute kwa maji. Mimi nilifuta moja kwa kitambaa chenye maji, picha ya jahazi likiingia Pangani, na jahazi likatoka pamoja na kitambaa. Fremu nazo zilikuwa zimevimba na kuoza, basi nikanunua za plastiki, nikakaa barazani siku tatu nikihamisha filamu moja moja. Miwani yangu ni ya zamani.

Mjukuu wangu akaazima skana ya filamu. Taa hupita ndani ya filamu, na mashine ikaisoma picha mstari kwa mstari. Akaiweka kwenye nukta 4,000 kwa kila inchi, hata kipicha cha milimita 36 kwa 24 kikatoa nukta zaidi ya milioni 20. Kazi ya subira, nami niliipenda.

Miongoni mwa picha hizo alikuwamo Maalim wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni siku ya Maulidi. Ameketi mbele ya sinia la pilau, ameinua tonge, na wengine wangali wakimngoja aanze. Sijui picha nyingine yake. Kwa furaha mjukuu akaituma saa ile ile kwa jamaa wa Mombasa, Unguja na Maskati.

Baada ya Magharibi simu ikalia. Alikuwa binti ya Maalim, aliyenizidi umri, na tangu utotoni humwita dada. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mdogo wangu," akaniuliza, "baba alikuwa akila kwa mkono wa kushoto?"

Vijana nyumbani kwake walikuwa wamecheka. Kumbe huyu ndiye babu tuliyeambiwa akichapa vidole vya mtoto alaye kwa kushoto!

Nikaitazama upya. Kweli, tonge lilikuwa kushoto. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba niliishuku kumbukumbu yangu kabla ya kuishuku picha. Mtu niliyesoma kwake miaka sita, niliyekula naye sinia moja, nikakaribia kumtolea ushahidi wa uwongo kwa sababu ya kioo cha kompyuta. Na Sura ya Hujuraat, inayotuamrisha kuhakikisha habari, nimeifundisha mara ngapi?

Mjukuu akaikuza picha. Nyuma ya Maalim mna ubao, ambao kwa projekta ulikuwa doa jeusi tu. Sasa herufi zikaonekana: bismillahi inaanza kushoto kwenda kulia, kila herufi imegeuka. Filamu ilikuwa kinyume katika fremu, na aliyeiweka ni mimi.

Hapa sikiliza vizuri. Filamu ina pande mbili. Mmoja hung'aa; wa pili umefifia, na ukiuinamisha penye mwanga waona alama za picha zimeinuka kidogo kama nakshi. Ukitazama kupitia upande unaong'aa, kulia hubaki kulia. Basi ni hilo tu, nami sikulijua. Maandiko ya msikiti wa Riyadha, Lamu, nayo yamepigwa picha za kidijitali, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Lakini ukurasa ukigeuka, msomaji huona mara moja. Uso wa mtu ukigeuka haumshtui yeyote.

Tulizikagua zote 112, tukakuta tisa zimegeuka. Zamani slaidi iliyogeuka ingebaki sandukuni na aibu yake. Hii ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Nikatuma picha iliyo sawa, na pamoja nayo sauti yangu nikieleza kosa ni la nani. Unguja wakajibu usiku ule. Dada aliiweka simu mbele ya vijana wake, akawataka wamwombee babu yao, kisha akanipigia, na tukakaa kitambo hakuna asemaye.

Wa Maskati ndiye aliyenitia mashakani. Alikuwa amekwisha kuwapelekea watu wengine picha ya kwanza, akaifuta, na hawakumbuki wote. Nimemtaka anitajie mmoja mmoja. Mpaka leo amekumbuka saba.