Amerikani Ilikotoka

Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho mama zetu hukitarizi maua na kukitandika juu ya viti kinaitwa amerikani? Mimi nilikulia miongoni mwa vitambaa hivyo, nikidhani ni jina tu kama majina mengine. Kumbe lina asili yake.

Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mto Merrimack huteremka kwa kishindo kiasi cha meta 10 penye maporomoko ya Pawtucket. Miaka ya 1820, matajiri wa Boston waliyapitisha maji hayo katika mifereji. Maji yalizungusha magurudumu makubwa, nayo magurudumu yakavuta mikanda iliyoendesha mitambo ya kusokota nyuzi na kufuma nguo katika kila orofa. Mji uliozuka hapo ukaitwa Lowell.

Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana kutoka mashambani, baadhi yao wa rika la binti yako aliye sekondari. Walilala katika mabweni ya kampuni, wakaamshwa kwa kengele alfajiri, na kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Mishahara ilipopunguzwa mwaka 1834, waligoma. Mwaka 1836 wakagoma tena. Miaka ya 1840, Sarah Bagley na wenzake walidai siku ya kazi iwe ya saa 10. Sheria ya kuwapa wanawake haki hiyo ilipita mwaka 1874!

Na pamba je? Ililimwa kusini mwa nchi hiyo na watumwa weusi wasiolipwa hata senti.

Wafanyabiashara wa bandari ya Salem walileta nguo za viwanda vya Massachusetts hadi Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Misafara ikazipeleka bara, zikatumika hata kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo. Nguo za kwingine zikashika soko, lakini jina likabaki.

Naam, amerikani ilisifika kwa uimara na bei nafuu. Lakini unafuu huo ulilipiwa na mtumwa shambani na msichana kiwandani. Basi mwanao akiuliza maana ya neno hilo, usimwambie ni kitambaa tu. Mwambie pia habari za waliokifuma.