Kiti cha Mpinzani katika Baraza la Mji



Sisi makatekista wa upande wa Mbau huulizwa mambo mengi na wakristo wetu, wala si yote yamo katika katekismu. Swali moja limeturudia mara nyingi: “Mwalimu, watu wa Beni na Butembo wamependa upinzani miaka na miaka. Mbona basi mambo ya mji hayabadiliki?” Swali hilo ni la haki. Twataka kulijibu kwa utaratibu, bila kumsifu mtu wala kumtukana mtu, kwa maana kazi ya katekista si kugawa kadi za chama.

Tukumbuke kwanza mambo ya 2018. Mwaka ule miji yetu ilijulikana katika Kongo nzima kuwa ngome ya upinzani. Mzee Mbusa Nyamwisi, ambaye chama chake RCD-K/ML kilitawala huku kwetu wakati wa vita, alikuwa amejiunga na Martin Fayulu katika umoja wa Lamuka. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi, CENI, ikatangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi ya mbali, hazitapiga kura mpaka Machi 2019. Sababu zilizotajwa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Watu zaidi ya milioni 1 wakaachwa nje. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni wakapanga foleni wenyewe, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakatia karatasi zao katika masanduku, ingawa walijua kwamba hakuna atakayezihesabu Kinshasa. Rais Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tulipiga kura tarehe 31 Machi, ya wabunge tu.

Uchungu ule ulizaa mambo mabaya. Wengi walisema: ugonjwa huu ni wa siasa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari aliyetoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo akiwa kazini. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa moja. Lakini mtu aliyenyimwa sauti haamini upesi neno la mkubwa, hata likiwa neno la kumponya. Ugonjwa ule, uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ulikuwa umewaua watu 2.287 ulipokwisha Juni 2020.

Sasa sikilizeni vizuri. Hata kama tungalipiga kura siku moja na wenzetu wote, meya wa Beni asingalibadilika kwa kura zetu. Katika uchaguzi ule hapakuwa na karatasi ya mshauri wa komini.

Sheria yenyewe ni nzuri. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yasema hivi: raia wachague washauri wa komini, washauri hao wamchague bugumestre, tena wachague washauri wa mji, nao washauri wa mji wamchague meya. Ndiyo ngazi, na raia anasimama kwenye kipandio cha kwanza. Lakini miaka 15 ilipita pasipo uchaguzi huo. Ulipofanyika, tarehe 20 Desemba 2023, ulifanyika katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Bungulu, Beu, Mulekera na Ruwenzori za Beni hazikuwamo. Wala Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba za Butembo. Meya wetu alitoka juu daima. Na serikali ilipoweka utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, mameya wakawa maofisa wa polisi.

Basi, mpinzani asiye na kiti barazani asemee wapi? Amebaki na barabara. Tunazijua siku za mji kufa: maduka yamefungwa, motari wamekaa, watoto hawakwenda shule. Anayelipa ni nani? Si Kinshasa. Ni mama aliyeteremka na sombe yake, ikamnyaukia mkononi. Tarehe 25 Novemba 2019, baada ya watu wengine tena kuchinjwa, wenye hasira waliichoma ofisi ya mji wa Beni. Mwezi wa Aprili 2021 wanafunzi waliketi siku nyingi kwenye ofisi hiyo wakidai amani. Nyumba ambayo raia hana mjumbe ndani yake, aiona kuwa nyumba ya mgeni.

Tutazame na kwa jirani, Dar es Salaam, mji mkubwa kuliko yetu mara nyingi. Huko madiwani walichaguliwa na raia Oktoba 2015, na vyama vya upinzani vikapata wengi. Uchaguzi wa meya uliahirishwa mara kadhaa kwa mabishano makali. Mwishowe, Machi 2016, Isaya Mwita wa Chadema alishinda kwa kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Tusidhani palikuwa paradiso. Mkurugenzi wa jiji, mwenye kushika ofisi na hesabu, aliteuliwa na Rais. Meya huyo aliondolewa Januari 2020, na Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja baraza lile la jiji. Walakini kwa miaka ile mpinzani alikuwa na kiti, na aliweza kuuliza fedha zimekwenda wapi, mbele ya watu na katika kitabu cha kikao.

Ndilo jibu letu kwa waulizao. Miji yetu imewapa wapinzani moyo wake, lakini haijapata baraza la kuwaweka. Nao watu wa siasa huhama: Mzee Mbusa mwenyewe aliingia katika serikali ya Rais Tshisekedi kuwa waziri Machi 2023. Hatumlaumu, ni haki yake. Ila yeye alipohama, mfereji wa soko ulibaki pale pale, pasipo mshauri wa kuusemea. Wahenga walinena: penye wengi hapaharibiki neno. Wengi hao hawana budi kuketi mahali.

Basi, mgombea yeyote akija kuomba kura yako, wa serikali au wa upinzani, usimwulize kwanza habari za Kinshasa. Mwulize: “Uchaguzi wa washauri wa komini yetu utaudai kwa njia gani?” Akikwepa, mwulize mara ya pili. Na siku karatasi hiyo itakapofika Beni na Butembo, usiache kuijaza kwa kuwa ni ndogo kuliko ile ya Rais.