Barua kwa Kemilembe: Ganzi ya Usiku Ina Sababu

Kamachumu, Muleba

Mwanangu Kemilembe,

Baba yako hajambo, mvua zimeshika na senene wameanza kuanguka. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba usiku unaamka mkono wa kulia umekufa ganzi, unaukung'uta hadi uhai urudi, ndipo unalala tena. Akaniambia pia majirani zako wa Hamugembe wamekwisha kutoa majibu: mmoja anasema ni presha, mwingine anasema ni baridi ya ziwa, wa tatu anasema kuna mtu analionea kijicho cherehani lako. Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia simu, kwa sababu maneno haya nataka uyasome zaidi ya mara moja.

Hujarogwa, mwanangu, na ziwa halijakukosea kitu. Tazama kiganja chako uone ganzi inashika vidole gani. Ikiwa ni dole gumba, cha shahada, cha kati, na ule upande wa kidole cha pete unaopakana na cha kati, huku kidole cha mwisho kikiwa salama, basi kuna mshipa mmoja wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hapo pana njia nyembamba: chini yake mifupa, juu yake utando mgumu usiovutika. Mshipa huo unapita humo pamoja na kano tisa za kukunjia vidole. Kano zikivimba, au maji yakizidi mwilini, njia haitanuki, na anayeumia kwanza ni mshipa. Kidole cha mwisho kinasalimika kwa kuwa mshipa wake unapita kwingine. Wataalamu huita hali hii sindromu ya handaki la karpali. Si ugonjwa mpya. Daktari Mwingereza James Paget alieleza kubanwa kwa mshipa huu mwaka 1854.

Kipo kipimo kisichohitaji mashine, alichotuachia daktari Mmarekani George Phalen. Kunja viganja vielekee chini, migongo ya mikono ikutane mbele ya kifua, ukae hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vile vile, umepata dalili ya kumweleza daktari. Hakitoshi peke yake, lakini kinasaidia. Usiku hali huzidi kwa sababu tunalala tumekunja kifundo, mara nyingi kikiwa chini ya shavu, na kukikunja ndiko kunakoibana njia.

Kwa nini wewe, na kwa nini sasa? Mimba yako ina miezi saba, na katika miezi hii mwili huhifadhi maji mengi. Wajawazito wengi hupata ganzi hii, na kwa wengi wao huisha baada ya kujifungua. Lakini unajua marehemu bibi yako aliondoka na kisukari. Sukari nayo huudhoofisha mshipa huu, na inaweza kupanda wakati wa mimba hata kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Kwa hiyo omba upimwe sukari, usisubiri wakuambie. Halafu lipo jambo moja ambalo si la kusubiri siku ya kliniki: mikono na uso vikivimba ghafla, kichwa kikakuuma sana au macho yakaona ukungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Kazi yako nayo ina sehemu yake. Cherehani lenyewe sililaumu sana kama ninavyoulaumu mkasi. Kukata vitambaa vya sare kwa mkasi butu, saa nyingi, kiganja kimekunjwa na kimekaza kwa nguvu, ndiko kunakoumiza. Katika miaka yangu ya uuguzi nimewaona wanawake wa huku Muleba wakija na mkono huo huo kwa kazi nyingine: wanaomenya ndizi za sherehe nzima kwa kisu kidogo, wanaosuka mikeka, wanaochuma kahawa tangu alfajiri. Na vijana wa bodaboda pia, maana usukani unaotetema kutwa nzima kwenye barabara ya mawe huuchosha mshipa.

Mmoja wao simsahau. Alivumilia ganzi kwa miaka, akiamini kuvumilia ndio uanamke. Alipofika kwetu, ile nyama nene iliyo chini ya dole gumba ilikuwa imekwisha, pamebaki bonde. Alikuwa hawezi kufunga kifungo cha shati la mwanawe wala kunyonyoa mabawa ya senene. Alifanyiwa upasuaji, maumivu yakaisha, lakini nguvu ya dole gumba haikurudi kama zamani. Mshipa ukibanwa muda mrefu mno, hata ukifunguliwa, sehemu yake inakuwa imekufa. Wewe unaishi kwa dole gumba, Kemilembe. Ndiyo sababu siwezi kukaa kimya.

Tiba ya kwanza ni nyepesi kuliko unavyodhani: kulala kifundo kikiwa kimenyooka. Waombe hospitalini wakutengenezee banzi, kile kibao wanachofungiwa waliovunjika mkono, la kuanzia katikati ya kiganja hadi kwenye mkono wa chini, vidole vikiwa huru. Livae kila usiku kwa muda wa wiki sita hivi. Lisikazwe. Likikuacha na alama za kamba, umelikaza mno. Mchana, peleka mkasi wako ukanolewe, inua kiti ili kifundo kisipinde unaposukuma kitambaa, na usikate kwa mfululizo. Kata kidogo, shona kidogo, weka vifungo, urudi kukata. Kazi ya senene niachie mimi, nitakutumia waliokwisha kukaangwa.

Usinunue diklofenaki duka la dawa. Haitaufungua mshipa, na kwa mimba ya miezi saba inaweza kumdhuru mtoto. Usikubali kuchanjwa chale kwenye kifundo. Mshipa uko karibu sana na ngozi pale. Wala usikandwe kwa nguvu mahali panapobanwa.

Banzi likishindwa, daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi kwenye kifundo. Hutuliza kwa wiki au miezi, ila mwenye sukari lazima afuatiliwe kwa karibu, kwa kuwa hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Mwisho kabisa ni upasuaji mdogo wa kukata ule utando ili njia ipanuke. Aghalabu mtu hupigwa ganzi ya mkono tu, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Anza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo hapo Bukoba. Ukija huku kujifungua, Hospitali ya Ndolage iko karibu nasi, na haja ikizidi watakuandikia rufaa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Najua sare za Januari ndizo fedha zako za mwaka, na wazazi wanasubiri. Pokea pungufu. Mpe yule binti unayemfundisha kazi ya kukata, umlipe. Na mume wako abebe ndoo za maji na amenye ndizi. Mwambie ni mimi niliyesema. Mtoto akizaliwa, usimnyonyeshe huku kifundo kimepinda chini ya kichwa chake. Mlaze juu ya mto, mkono wako upumzike. Miezi michache ikipita na ganzi bado ipo, rudi kwa daktari, usiseme ni uzazi tu.

Kliniki yako ni Alhamisi. Mwambie muuguzi habari ya mkono kabla hajakupima tumbo, maana wakishamaliza tumbo hukuaga. Kisha nipigie jioni hiyo hiyo uniambie sukari imesomeka ngapi.

Shangazi yako akupendaye.